Ukumbi Umejaa, Nani Analipa Kodi?

SOMO LA WIKI: Aina tatu za fedha

Wenye akiba ndogo husikia habari za makongamano ya kompyuta, wakaona picha za vijana waliojaa ukumbini, wakadhani palipo na watu hapakosi faida. Mfano wa Nairobi unaonyesha kuwa fedha huingia penye watu kwa milango mitatu, na kila mlango una haki zake.

Jumuiya ilivyoanza

Wapenzi wa kompyuta wa Nairobi walizoeana kwa maandishi ya intaneti kabla ya wengi wao kuonana ana kwa ana. Juni 2007 baadhi yao walihudhuria kongamano la TEDGlobal mjini Arusha. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman, David Kobia na wenzao waliunda Ushahidi kwa siku chache tu, Januari 2008. Programu hiyo ilipokea taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Mwaka 2009 mikongo ya intaneti ya baharini ilifika Mombasa. Machi 2010 iHub ikafunguliwa katika jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong. Kijana aliyezoea kuzungumza na wenzake kwa kompyuta sasa alipata kiti, intaneti ya kasi na kikombe cha kahawa.

1. Ufadhili

Ushahidi ilitolewa bure, wala haikuwa na hisa za kuuzia umma. iHub nayo ilianza kwa msaada wa wafadhili, wakiwemo Omidyar Network na Hivos. Mfadhili hadai gawio, bali hudai ripoti ya kazi. Fedha yake ina mwisho, lakini kodi ya jengo hudaiwa kila mwezi. Septemba 2019 ilitangazwa kuwa iHub imenunuliwa na CcHUB ya Lagos, Nigeria. Maelfu walikuwa wamepita ukumbini humo, wakapata ujuzi, marafiki na kazi. Hata hivyo uanachama haukuwa hisa, na aliyekuwa mwanachama tu hakuwa na kitu cha kuuza siku hiyo.

2. Malipo ya awali

Mwaka 2013 watu wa jumuiya hiyo hiyo walitafuta fedha za kutengeneza BRCK, kisanduku chenye betri cha kuendeleza intaneti umeme unapokatika. Kwa njia ya Kickstarter waliomba dola 125,000 wakapata zaidi ya dola 170,000. Wengi wa waliotoa fedha hizo walikuwa wateja waliolipa kabla bidhaa haijatengenezwa, kama mtu anayemwachia fundi seremala fedha ya kabati. Kwa mwenye biashara, fedha hii ni ushahidi mzuri kuliko makofi ya ukumbini, maana mnunuzi ametoa mfukoni mwake. Lakini anayelipa anadai kabati. Faida ya karakana si yake.

3. Hisa

Safaricom ilianzisha M-Pesa Machi 2007. Mwaka uliofuata Serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya kampuni kwa shilingi 5 kila hisa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara nne, hivyo wengi walipata sehemu ndogo tu ya walizoomba. Biashara ya hisa hizo ilianza Soko la Hisa la Nairobi tarehe 9 Juni 2008. Bei ilipanda mwanzoni, lakini kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya shilingi 5. Walionunua kwa mkopo wa benki walilipa riba huku mali yao ikishuka thamani. Waliotumia akiba waliweza kungoja, na mwaka 2021 hisa hiyo ilivuka shilingi 40. Kampuni na bei ya kuanzia vilikuwa vile vile kwa wote. Kilichowatofautisha ni aina ya fedha waliyoingia nayo.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kutoa fedha

(a) Karatasi unayopewa inasema mchango, agizo la bidhaa au hisa?

(b) Ufadhili ukikoma, ni mauzo gani yatakayolipa kodi na mishahara?

(c) Je, yuko mteja aliyelipa, au wapo wasifuji tu?

(d) Fedha yako ni akiba inayoweza kungoja, au ni mkopo wenye tarehe?

Kumbuka

Jumuiya ni mtaji wa kweli: huzaa mafundi, wateja na washirika, na mfanyabiashara anayehudhuria mikutano yao hasara haimpati. Lakini ahudhurie kama anayekwenda mnadani: atazame kwanza, aulize bei, na afungue mkoba baada ya kujua ananunua nini.