Mbwa Anapokonda na Kuota Uvimbe

Mbwa anayekula kama kawaida lakini mbavu zake zinazidi kuhesabika, huku uvimbe ukijitokeza chini ya ngozi, hafai kungojewa. Uvimbe huo usipasuliwe wala kuchomwa nyumbani. Kwanza mfugaji aangalie uko wapi.

Vinundu vidogo vyenye tundu katikati, hasa tumboni na miguuni, mara nyingi ni funza wa inzi anayetaga kwenye mchanga wenye mkojo au nguo zenye unyevu. Funza hukaa ndani ya ngozi kwa siku 8 hadi 12 hivi. Binadamu pia hupata, ndiyo maana nguo zilizoanikwa nje hupigwa pasi. Lakini vinundu vichache vya aina hii havimkondeshi mbwa.

Uvimbe wa tezi ni jambo zito zaidi. Tezi ziko pande zote mbili: chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti ya miguu ya nyuma. Zikivimba zote kwa pamoja na mbwa akakonda, tatizo limeenea mwilini. Huenda ni ugonjwa wa kupe wa kahawia, yule anayejificha kwenye nyufa za kibanda. Ufizi hupauka, na pengine damu hutoka puani. Katika maeneo yenye mbung'o, kama vile Shimba Hills huko Kwale, huenda ni nagana, ambayo pia hufanya macho yawe na ukungu mweupe. Inaweza vilevile kuwa saratani ya tezi. Kwa macho tu magonjwa haya hayatofautishiki vyema, kwa hiyo kununua sindano dukani kwa kubahatisha ni kupoteza pesa. Daktari wa mifugo hupima damu, au hufyonza chembechembe za uvimbe kwa sindano nyembamba na kuzichunguza kwa darubini.

Uvimbe mwekundu kwenye sehemu za siri, wenye umbo la koliflawa na unaodondosha damu, ni saratani inayoambukizwa mbwa wanapopandana. Chembe hai za saratani yenyewe huhama kutoka kwa mbwa mmoja hadi mwingine. Kwa kulambana na kunusana hufika hata puani. Haimwambukizi binadamu. Wenye mbwa jike hudhani yuko kwenye joto, na wiki zinapita. Inasikitisha, kwa sababu saratani hii hutibika vizuri: sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, huwaponya wengi. Dawa hiyo ni kali, hutolewa na daktari pekee, na wakati wa matibabu kinyesi na mkojo wa mbwa vishikwe kwa glavu.

Mbwa jike mzee mwenye uvimbe kwenye matiti apelekwe mapema, kabla saratani, kama ndiyo, haijafika mapafuni.

Mbwa anayetokwa na mate na kushindwa kumeza asifunguliwe mdomo kutafutwa mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Atengwe, na afisa wa mifugo aarifiwe mara moja.

Kabla ya kwenda kliniki, mfugaji apande mizani akiwa amembeba mbwa, kisha apande peke yake na kutoa. Mbwa wa kilo 20 aliyepungua kilo 2 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Aandike pia siku uvimbe ulipoonekana, ukubwa wake, na dawa zote ambazo mbwa amekwisha kupewa.