Somo la 23: Simbilisi, Mnyama Mdogo wa Nyumbani

Watoto, wengi wenu mnamjua simbilisi. Wengine humwita dende. Katika vijiji vya Kivu yumo katika nyumba nyingi. Hupita chini ya kitanda na karibu na mafiga, tena hupiga filimbi amwonapo mtu aletaye majani. Lakini kumwona mnyama kila siku si kumjua. Leo tutajifunza namna ya kumtunza vema na kumzalisha kwa akili.

1. Mwili wake

Simbilisi ni wa jamii ya wanyama watafunao, pamoja na panya na nungu. Meno yake ya mbele hukua siku zote, kwa hiyo hana budi kutafuna daima ili yasizidi urefu. Hana mkia. Shika mmoja kwa mikono miwili, umhesabu vidole: miguu ya mbele ina vidole 4, miguu ya nyuma ina vidole 3. Simbilisi aliyelishwa vizuri huweza kufika kilo 1.

Asili yake si Afrika. Alitoka milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, katika nchi kama Peru na Bolivia. Watu wa huko wamemfuga kwa maelfu ya miaka, na nyama yake ni chakula chao mpaka leo.

Kwetu Kivu ametusaidia sana. Katika vita vilivyoanza mwaka 1996, watu wengi walinyang'anywa ng'ombe na mbuzi wao. Simbilisi ni mdogo. Huweza kufichwa, hubebwa kikapuni, hula majani tu. Hivyo jamaa nyingi zilianza tena kufuga kwa mnyama huyu.

2. Nyumba yake

Simbilisi wengi huachwa watembee jikoni. Hiyo si nyumba njema. Moshi huwaharibu mapafu, watu huwakanyaga watoto wao, paka huwakamata usiku, na kinyesi chao huchafua mahali pa kupikia.

Yafaa kuwatengenezea kizimba cha mianzi au mbao. Kizimba chenye urefu wa mita 1 na nusu na upana wa mita 1 huwatosha dume 1 na majike 7. Kiinue juu ya miguu, maji ya mvua yasiingie. Kiezeke vizuri. Kiwe na hewa, lakini upepo wa baridi usipite ndani. Tandika majani makavu, uyabadili mara yanapolowana. Kinyesi usikitupe, kipeleke bustanini, nacho kitaotesha mboga za mama yako.

Jihadhari na siafu. Wakiingia kizimbani usiku, asubuhi hutakuta mnyama hata mmoja aliye hai.

3. Chakula chake

Mpe majani mabichi asubuhi na jioni: nyasi laini, majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi. Sababu ni hii. Mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama vile mwili wa mtu usivyoweza. Mbuzi huweza, panya pia huweza. Simbilisi akikosa majani mabichi siku nyingi, fizi zake hutoa damu, viungo humwuma, naye hufa.

Lakini si kila jani ni chakula. Usimpe majani ya viazi vya kizungu, wala majani ya mti wa avoka, kwa maana yana sumu. Tena usimpe nyasi zenye umande au mvua, hasa zilizorundikwa mpaka zikapata joto. Zitandaze kwanza kivulini, zikauke maji ya juu. Wakati wa kiangazi mwekee maji safi katika chombo kizito asichoweza kukipindua.

Akiugua, usimpe dawa ya watu. Penisilini, ambayo huponya watu, huweza kumwua simbilisi. Mtenge na wenzake, kisha mwulize mganga wa mifugo.

4. Kuzaa kwake

Panya huchukua mimba wiki 3 tu, na watoto wake huzaliwa uchi, vipofu. Simbilisi huchukua mimba karibu siku 68. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, na siku ileile hukimbia. Kwa kawaida huzaa watoto 2 mpaka 4.

Mfugaji mwenye akili hushika kanuni hizi:

Ya kwanza: watoto wafikapo wiki 3, watenge madume na majike. Jike mdogo huweza kupata mimba upesi sana, hata kwa baba yake au ndugu yake, naye mwili wake bado haujakomaa.

Ya pili: jike apandwe mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi 3 au 4. Asicheleweshwe mno. Akipita miezi 7 bila kuzaa hata mara moja, mifupa ya nyonga yake hukazana, na kuzaa huweza kumwua.

Ya tatu: jike huweza kupata mimba tena siku ileile aliyozaa. Kwa hiyo mwondoe dume kabla ya kuzaa, mama apate kupumzika na kunyonyesha.

Ya nne: usiweke madume 2 pamoja na majike. Watapigana mpaka kuumizana.

Ya tano: usizalishe ndugu kwa ndugu. Watoto huwa wadogo na dhaifu. Badilishana dume na jirani yako.

Ya sita: usizidishe wanyama kuliko majani uwezayo kukata. Simbilisi 8 walioshiba ni mali. Simbilisi 30 wenye njaa ni aibu ya mwenyewe.

5. Msichana na dume mweupe

Msichana mmoja wa darasa la 4 alipewa na shangazi yake dume mweupe na majike 2. Aliwatunza vema, wakazaa. Alikusudia kuuza wachache ili anunue madaftari.

Asubuhi moja ya mvua aliamka kwa kuchelewa. Alikata nyasi upesi, akazitupa kizimbani zikiwa mbichi na maji, akakimbia shuleni. Kesho yake matumbo ya wanyama yalikuwa yamevimba. Watoto 3 walikufa. Dume mweupe alibaki hai, lakini alikaa pembeni, manyoya yamesimama, hataki kula.

Jioni hiyo alikuja kijana wa mtaa wa pili, faranga mkononi. Alikuwa akitafuta dume. Giza lilikuwa linaingia, naye hakuona vizuri. Akauliza, "Huyu mweupe ni mzima?"

Msichana alinyamaza. Madaftari yake yalikuwa yamejaa, na mwalimu alikuwa amemwonya. Mwisho akasema, "Si mzima, kaka. Nimemlisha vibaya."

Kijana akarudi kwao na faranga zake.

Usiku msichana akamwambia shangazi, "Shangazi, nimekosa madaftari, na kosa ni langu."

Shangazi akajibu, "Mwanangu, kosa lako lilikuwa la asubuhi. Ungalimdanganya yule kijana, yangalikuwa makosa mawili, na majike yake yangaliugua pia. Kesho tutatandaza nyasi pamoja."

Dume mweupe alikufa siku ya tatu. Kwa mwezi mzima msichana aliandika katika nafasi zilizobaki pembeni mwa kurasa za zamani. Majike 2 waliokoka. Kijana yule alisikia habari, akaja na dume wake mwenyewe, mwekundu, akasema, "Tubadilishane watoto watakapozaliwa. Wewe nakuamini."

Mnyama aliye kizimbani hawezi kwenda kujitafutia jani. Kinywa chake kiko mikononi mwako. Anayemfunga mnyama amejifunga mwenyewe pia: kila asubuhi, hata ya mvua, hata akichelewa.

Maswali

1. Kwa nini simbilisi hufa akikosa majani mabichi, na mbuzi hafi kwa sababu hiyo?
2. Taja mambo 3 mabaya ya kufuga simbilisi jikoni.
3. Watoto wa panya na watoto wa simbilisi hupitanaje siku ya kuzaliwa?
4. Msichana alikosa nini asubuhi ya mvua? Angalifanya nini?
5. Ungalikuwa wewe, ungalimjibu nini yule kijana? Sema sababu.

Hesabu

Mfugaji ana majike 4. Kila jike huzaa mara 3 kwa mwaka, watoto 2 kila mara. Atapata watoto wangapi kwa mwaka? Wakifa 5, watabaki wangapi?

Kazi ya nyumbani

Chora kizimba kizuri. Andika vipimo vyake. Onyesha mahali pa kula, mahali pa kulala na mlango.