SOMO LA ROBO HII: GARI LA HAIBRIDI LILILOTUMIKA – TUHESABU GHARAMA KABLA YA KUNUNUA



Magari ya haibridi yaliyotumika, kama Toyota Prius na Toyota Aqua kutoka Japani, yameenea katika miji yetu. Sasa yanatajwa pia katika maombi yanayotufikia kutoka parokiani, kwa sababu yanakula mafuta kidogo. Ni kweli. Lakini mafuta ni sehemu moja tu ya gharama. Gari likilala kwa kukosa spea, kliniki ya kigangoni nayo inalala, na mama mjamzito anatafuta bodaboda usiku. Ndiyo maana tumechagua somo hili.

Linavyofanya kazi

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme. Mota hupata umeme kutoka betri kubwa, ambayo huchajiwa na injini pamoja na nguvu inayopatikana gari linapopunguza mwendo. Halichomekwi kwenye umeme wa nyumbani, isipokuwa aina chache zilizotengenezwa hivyo. Kati ya betri na mota kuna inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota.

Matatizo ya kawaida na uzito wa gharama zake

1. Betri ndogo ya volti 12. Gharama ndogo. Ikichoka, gari halikubali kuwaka na taa nyingi hujitokeza kwenye dashibodi, hata kama betri kubwa ni nzima. Ipimwe hii kwanza kabla ya kukubali kununua betri kubwa.

2. Feni ya betri kubwa. Kuisafisha ni gharama ndogo. Kuiacha ni gharama kubwa. Katika Prius feni huvuta hewa kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Vumbi la barabara zetu likiliziba, au mzigo ukilifunika, betri hupata joto na kufa mapema.

3. Pampu ya maji ya inveta. Gharama ya kati. Inveta ina maji yake ya kupoozea, mbali na yale ya injini. Katika Prius za 2003 hadi 2009 pampu hii inajulikana kwa kuharibika. Gari likiwa limewashwa, maji katika chombo chake yaonekane yakichezacheza. Yakitulia kabisa, mwite fundi, kwa maana inveta yenyewe ni ghali mno kuliko pampu.

4. Gasketi ya silinda hedi. Gharama kubwa. Hutokea sana katika Prius za 2009 hadi 2015, hasa pale masizi yanapoziba njia za kurudishia moshi kwenye injini. Dalili zake ni injini kutetemeka inapowaka asubuhi na maji kupungua bila kuonekana yanapovuja.

5. Pampu ya breki. Gharama kubwa. Pedi za breki hudumu muda mrefu, kwa kuwa mota husaidia kupunguza mwendo. Lakini pampu inayosukuma mafuta ya breki ni ghali. Ikilia mara kwa mara gari likiwa limesimama, ipimwe mapema.

6. Betri kubwa. Hii ndiyo inayoogopwa. Kwa kawaida huanza kuchoka kati ya mwaka wa 8 na wa 15, na joto huharakisha. Ya Prius za 2003 hadi 2015 ina vipande 28 vilivyounganishwa kwa mfuatano, jumla ya volti 201.6. Kipande kimoja kikifa, betri yote hulegea. Fundi anaweza kubadilisha kipande hicho kwa bei nafuu, lakini vingine 27 vina umri uleule na vitafuata. Tuione kazi hiyo kama ya kuvukia tu.

Tahadhari: nyaya za rangi ya chungwa zina umeme unaoweza kuua. Zisiguswe na fundi asiyefunzwa kazi hiyo.

Kabla ya kununua

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Tanzania haina ukomo huo, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa umri. Kwa vyovyote, betri inayofika kwetu mara nyingi imekwishafanya kazi miaka mingi, na kwa kawaida dhamana ya kiwandani haiji na gari.

Fundi mwenye kompyuta ya kupimia asome nguvu ya kila fungu la betri. Katika Prius tulizotaja ni mafungu 14. Yakitofautiana sana, tuache au tupunguziwe bei. Tuulize pia: fundi wa haibridi yuko umbali gani? Barabara ya kigangoni ikoje? Magari haya mengi yako chini, hayafai kwa mawe na makorongo, wala kuvuka maji.

Mfano wa hesabu

Tuseme parokia inatembea kilomita 20,000 kwa mwaka. Gari la kawaida linatumia lita 8 kwa kilomita 100, yaani lita 1,600. Haibridi inatumia lita 5, yaani lita 1,000. Tumeokoa lita 600.

Fedha hizo si faida yote. Sehemu yake ni betri inayotumika kila siku bila sisi kuiona. Tunashauri nusu, yaani thamani ya lita 300, iwekwe kila mwaka katika mfuko wa matengenezo wenye hesabu yake. Kama bei ya betri mliyoulizia ni sawa na lita 1,500, mtaifikia baada ya miaka 5. Kama betri ina dalili za kuchoka sasa, miaka 5 haipo. Fedha ya betri iwe ndani ya bajeti ya kununua.

Kwa wahisani tunasema hivi: zawadi ya gari bila mfuko wa matengenezo ni nusu zawadi. Nusu inayobaki huishia kudaiwa kwenye sadaka ya mjane. Bwana wetu katika Luka 14 alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba aketi kwanza ahesabu gharama. Mnara wetu una magurudumu manne, na hesabu ni ileile.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Gari letu linatembea kilomita ngapi kwa mwaka, na katika barabara za namna gani?
2. Nani anaandika mafuta na matengenezo, na nani anakagua daftari hilo?
3. Betri ikifa mwezi ujao, tuna fedha au tuna barua ya kuomba?