Saratani ya Matiti: Dawa Rahisi, Njia Ghali

Uvimbe wa saratani ya matiti mara nyingi hauumi mwanzoni. Ndiyo sababu mama anayeuza maziwa mjini Mandera anaweza kuupuuza kwa miezi mingi. Anapofika hospitalini, huenda ugonjwa umekwisha kuenea na gharama imepanda.

Saratani hii ina aina kadhaa. Daktari hutoa kipande kidogo cha uvimbe, hukitia ndani ya formalini kisiharibike, kisha hukipeleka maabara. Huko huangaliwa kama uvimbe unachochewa na homoni za mwili, na kama una protini ya HER2 kupita kiasi.

Uvimbe wa homoni ndio ulio wa kawaida zaidi. Baada ya upasuaji, mgonjwa anaweza kupewa tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Hutengenezwa na viwanda vingi, na bei yake ni nafuu. Wenye HER2 nyingi, kama 15 hadi 20 katika kila wagonjwa 100, huhitaji trastuzumabu, dawa ghali ambayo kwa kawaida hutolewa kila wiki 3 kwa mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Mwaka 2019 likaidhinisha dawa ya kwanza inayofanana nayo, ili bei ishuke.

Bila maabara, hata kidonge cha bei nafuu hakijulikani kimfae nani. Hapo ndipo umbali unapoumiza.

Safari ya matibabu

Kutoka Mandera hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,000. Barabara hiyo imemwaga damu: Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa. Siku hizi Garissa ina kituo cha saratani, lakini nako ni zaidi ya kilomita 600. Bima mpya ya afya, SHA, ilipoanza Oktoba 2024 ilitenga hadi shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka kwa matibabu ya saratani. Nauli, chakula na malazi hubaki juu ya mgonjwa.

Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilishauri ugonjwa utambuliwe ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni.

La kufanya

1. Jikague kila mwezi, siku chache baada ya hedhi. Tazama uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu.

2. Ukiona dalili, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Ukiona haya, omba muuguzi wa kike.

3. Usichome uvimbe kwa chuma cha moto. Kuchoma hakuondoi saratani.

4. Jiandikishe na ulipe bima ukiwa mzima.

5. Kipande kikitolewa, uliza kimepelekwa wapi na majibu yatarudi lini.

Uvimbe mdogo hutibika kwa fedha kidogo. Usiungoje ukue.