Aibu Siyo Toba: Tusome "Giovanni's Room" ya James Baldwin

Mwezi Julai 2024 Papa Fransisko aliandika barua kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Mwanzoni alikusudia kuwaandikia wanaojiandaa kwa upadre, kisha akaona barua hiyo inawafaa waamini wote. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba riwaya humzoeza msomaji kusikiliza sauti ya mtu mwingine. Kwa hiyo katika kipindi hiki tunasoma riwaya ambayo wengi wangeirudisha rafuni wakishajua inahusu nini: mapenzi ya wanaume wawili. Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hilo mmeyapata katika somo la maadili na sitayarudia. Hapa nina swali moja tu. Mtu anayesimulia kitabu hiki, je, anaungama au anajificha?

James Baldwin alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1924. Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari anahubiri katika kanisa la Kipentekoste, kazi aliyoiacha baada ya miaka mitatu hivi. Mwaka 1948 alihamia Paris. Riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1953, ilisifiwa. Hii ya pili mchapishaji wake wa Marekani aliikataa, ikatolewa na Dial Press mwaka 1956. Mwandishi mweusi aliyetarajiwa kuandika juu ya weusi wenzake alileta kitabu ambacho wahusika wake wakuu ni weupe. Mimbari aliiacha, lakini lugha yake haikumtoka: uchafu, hukumu na wokovu vimejaa kitabuni.

Msimulizi ni David, kijana Mmarekani. Anasimulia usiku mmoja akiwa peke yake katika nyumba ya kupanga kusini mwa Ufaransa. Kabla ya usiku huo kwisha kabisa Giovanni, kijana Mwitalia aliyempenda, atakatwa kichwa kwa gilotini. Hayo tunaelezwa katika kurasa za mwanzo. Kinachobaki ni kujua David alifanya nini.

Anaanzia mbali. Alipokuwa kijana mdogo alilala usiku mmoja na rafiki yake Joey, na usiku ule anaukumbuka kwa furaha. Asubuhi akamtazama Joey amelala, hofu ikamshika. Alivaa, akaondoka, akamkwepa. Kisha akajiunga na vijana wakorofi na kumtendea Joey ukatili. Shikeni mfuatano huo, maana ndio kitabu chote. Penye upendo inaingia hofu, hofu inamkimbiza, na mwisho anamwumiza yule yule aliyempenda.

Paris inarudia jambo lile lile kwa gharama kubwa zaidi. Hella, msichana ambaye David amemposa, amekwenda Hispania kutafakari jibu lake. David anakutana na Giovanni katika baa anakofanya kazi, na baada ya mapambazuko wanafika kwenye kile chumba. Ni kidogo, kiko mbali na katikati ya mji, na vioo vya dirisha vimepakwa rangi nyeupe ili wapita njia wasichungulie. Giovanni anajaribu kukitengeneza. Anabomoa matofali ya ukuta apate mahali pa kuweka vitabu, lakini kazi haiishi na vifusi vinabaki sakafuni. Wasomaji wengi huona chumba kama mfano wa dhambi. Mimi naona vingine: kadiri David anavyojiandaa kutoroka, ndivyo chumba kinavyozidi kuwa kichafu machoni pake. Anakitwisha chumba lawama ambayo ni yake.

Hella anarudi. David anakaa naye siku kadhaa bila kumpelekea Giovanni hata neno moja, na Giovanni wakati huo ameshafukuzwa kazi. Anaporudi ni kuaga tu. Hapo ndipo Giovanni anaposimulia jambo alilokuwa hajalisema. Kijijini kwao Italia aliishi na msichana, akampa mimba, mtoto wa kiume akazaliwa amekufa. Giovanni akauondoa msalaba ukutani, akautemea mate, akautupa chini, kisha akaacha kijiji na watu wake wote.

Someni ukurasa huo polepole. Siku moja mtu atakuja mbele yenu na kusema, "Padre, niliutemea mate msalaba." Mtasikia nini kwanza, mate au mtoto? Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1261, inawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu. Giovanni hakupata wa kumwambia neno la namna hiyo. Alimpata David, na David mawazo yake yalikuwa mlangoni.

Baada ya hapo Giovanni anaporomoka. Anamwendea mwenye baa kuomba kazi, anadhalilishwa, anaua. David anamchukua Hella hadi kusini mwa Ufaransa, na wengi humsahau msichana huyu. Amekuja kwa nia safi akitaka kuwa mke. Anamkuta mchumba wake Nice, katika baa, pamoja na baharia. Hakuna aliyemwambia ukweli mapema kiasi cha kumwezesha kuchagua.

Kuna pia mama mtunza nyumba, mwanamke mwenye imani, anayekuja kukagua vyombo kabla David hajaondoka. Anamhimiza asali, hata sala fupi. Anamhimiza pia aoe na apate watoto. Shauri la kwanza ni jema. La pili nimelisikia hata kwetu, likitolewa kwa nia njema kabisa kwa vijana wenye mvuto huu: oa, yatapita. Anayelitoa hamfikirii Hella.

Sasa turudi kwenye swali. David anasema mengi mabaya juu yake mwenyewe, na anayasema vizuri. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huandika kwamba ametubu. Lakini tazameni anamwambia nani. Joey hakuombwa radhi. Hella aligundua mwenyewe. Giovanni yumo gerezani, na David anaongea na kioo cha dirisha. Mwenye aibu hujiangalia yeye alivyochafuka. Mwenye kutubu humwangalia aliyeumizwa, akamwendea.

Kwa kipindi kijacho, kila mmoja asome aya za mwisho. David anachana bahasha ya Jacques iliyomletea habari ya siku ya kifo cha Giovanni, anaitupa hewani, na upepo unamrudishia baadhi ya vipande. Andikeni ukurasa mmoja: kwa nini Baldwin hakuviacha vyote vipeperuke?