DARSA: KUPEANA NAFASI KATIKA MAJLISI

 

Darsa yetu ya mwaka huu inatoka katika Suratul Mujadila, aya ya 11. Humo Allah (S.W.) anawaamrisha walioamini kwamba wakiambiwa watoe nafasi katika majlisi, basi watoe, Naye atawapa nafasi. Wengi wetu tukiisoma aya hii tunafikiria kusogea kwenye jamvi tu. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka alipoletwa chuoni mtoto mmoja ambaye sitamtaja jina, ingawa baadhi yenu mnamjua. Mama yake ameniruhusu kuandika haya.

Alikuwa na miaka 7. Haitikii salamu wala hamtazami mtu usoni. Darasa likianza kuitikia herufi (na sauti zenu mnazijua, zinafika mpaka barabarani) yeye huziba masikio, hupiga mayowe na kukimbilia mlangoni. Siku ya tatu nilimshika mkono kwa nguvu nikamkalisha. Akaniuma. Nikamwambia mama yake mbele za watu, "Mama, mtoto huyu hana adabu. Kaa naye nyumbani mpaka akue." Akanijibu kwa sauti ya chini, "Ustadhi, mwanangu hana kiburi. Kelele zinamuumiza." Sikumsikiliza. Wapo waliomwambia mtoto katupiwa jini, na wapo waliosema amemdekeza.

Baada ya miezi kadhaa aliambiwa hospitali kuwa mtoto ana usonji. Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua. Huanza utotoni na mtu huishi nao. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, na tangu mwaka 2008 Umoja wa Mataifa huiadhimisha tarehe 2 Aprili kuwa siku ya kuelimishana juu yao. Hauambukizi, kwa hiyo anayeogopa kukaa naye mkeka mmoja aache kuogopa. Hauletwi na malezi mabaya wala chanjo. Na watoto hawa hawafanani: mmoja hasemi kabisa, mwingine anasema sana juu ya kitu kimoja anachokipenda. Wengi wao sauti, mwanga au kuguswa huwaingia kwa ukali kuliko sisi, na ratiba ikibadilika ghafla hupata taabu kubwa.

Ama habari ya jini, kumsomea mtoto Qur'ani na kumuombea dua ni jambo jema, na mama huyu hufanya hivyo kila usiku. Lakini kumpeleka mtoto kwa mganga afukizwe na kuchapwa ili "kitu kitoke" ni dhulma, na hatutakwepa kuisema.

Mtoto alipata nafasi katika kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, kwenye shule moja ya msingi. Mwaka jana nilikwenda kumuomba radhi mama yake. Alinisamehe, kisha akanichukua nikaone mwenyewe.

Mwalimu wa pale alinisimulia. Wiki ya kwanza mtoto hakuingia darasani, alisimama getini ameshika nguzo. Mwalimu hakumvuta. Alitoa kiti, akakaa naye palepale getini. Mama alikaa chini ya mwarobaini asubuhi nzima, akawa anapunguza muda siku hadi siku, mpaka ikawa anaaga na kwenda zake. Kutoroka kwa kujificha mwalimu alikukataza kabisa: mtoto akidanganywa leo, kesho hashuki kwenye bajaji. Ukutani zimebandikwa picha kwa mpango: begi, uji, kuchora, kunawa mikono, nyumbani. Kazi ikiisha, mtoto anaibandua picha yake na kuitia koponi. Siku moja uji ulichelewa, akalia sana, kwa sababu picha ilisema uji na uji haupo. Kesho yake mwalimu akachora picha nyingine, ya "subiri".

Kilichomshinda zaidi ni kengele, ile rimu ya gari inayogongwa kwa chuma. Mwanzo walimsogeza mbali kabla haijalia. Baadaye wakampa kile chuma aigonge mwenyewe. Sauti aliyoianzisha yeye haikumtisha, na sasa kengele ya mapumziko ni kazi yake. Ilichukua karibu muhula mzima. Hata leo zipo siku anagoma getini, na siku hizo wanamngoja.

Nikiwa nimekaa kwenye kile kiti kidogo nilikumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) akisikia mtoto analia naye yumo ndani ya sala, aliifupisha kwa kumhurumia mama yake. Sala hiyo! Na mimi nilishindwa kupunguza sauti ya alifu na bee. Nikamkumbuka na yule bedui aliyekojoa msikitini. Sahaba walimkemea, Mtume (S.A.W.) akawazuia mpaka akamaliza, pakamwagiwa maji, ndipo akamfundisha kwa upole. Na Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), kipofu ambaye kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo za Surat Abasa, baadaye alikuwa akiadhini Madina. Hakupewa pa kukaa tu, alipewa na kazi.

Mzazi mmoja ameniuliza kama mtoto kama huyu atawajibika kusali. Hadithi inataja watatu walioinuliwa kalamu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka zimrudie. Usonji si wazimu. Wapo wanaofahamu vizuri kabisa ila kusema ndiko kunakowashinda, na wapo ambao fahamu zao ni chache. Kila mzazi apeleke swali la mwanawe kwa shekhe, na ampeleke na mtoto amwone.

Tangu Shawwal iliyopita mwenzetu huja kila Alhamisi baada ya alasiri, kabla darasa halijajaa. Tumembandikia picha nne: viatu, udhu, mkeka, nyumbani. Siku hiyo nyinyi wa darasa la pili mnasoma kwa sauti ya chini, na nawashukuru, maana najua mnavyojizuia. Alhamisi ya kwanza alikaa dakika 5. Sasa anafika 20. Hajatamka nasi hata herufi moja, lakini mama yake anasema nyumbani anapanga viatu vya watu wote mlangoni kama tunavyopanga hapa.

Mkeka wa kijani wa karibu na dirisha ni wake. Mgeni akiukalia, mwambieni kwa upole asogee.