Shamba la Baba na Shamba la Mwana: Historia ya Ukulima katika Nchi ya Rungwe

Igogwe hujulikana na watu wengi wa wilaya ya Rungwe kwa sababu ya hospitali ya Kanisa Katoliki iliyoko huko. Lakini somo hili si la dawa wala la maradhi ya mwili. Ni somo la ardhi, na la maradhi yaziingiayo jamaa nyingi pindi mzee afapo, yaani ugomvi wa shamba. Mkulima akitaka kuuzuia ugomvi huo yafaa kwanza ajue ulikotoka. Kwa hiyo tutaeleza jinsi watu wa nchi hii walivyolima zamani, jinsi walivyogawana ardhi, na jinsi zao moja lilivyobadili desturi yao yote.

1. Nchi yenyewe

Rungwe ni nchi ya milima ya moto wa zamani. Mlima Rungwe wenyewe una urefu wa karibu mita 2,960. Karibu nao uko Kyejo, ambao ulitoa moto yapata mwaka 1800, na Ngozi, ambao kileleni kwake mna ziwa. Majivu ya milima hiyo ndiyo yaliyozaa udongo mweusi wenye rutuba. Mvua nayo ni nyingi mno. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake hunyesha kuanzia Novemba hata Mei. Basi nchi ya namna hii hulisha watu wengi mahali padogo. Hiyo ni baraka, lakini pia ndiyo asili ya shida tutakayoieleza, kwa maana nchi njema hujaa watu upesi.

2. Ukulima wa zamani

Wanyakyusa wa kale waliishi kwa migomba na kwa ng'ombe. Ndizi mbichi za kupika zilikuwa chakula cha kila siku, pamoja na maharage, mahindi na maziwa ya mgando. Ulezi ulilimwa kwa ajili ya pombe na kwa heshima ya wageni. Huko bondeni karibu na Ziwa Nyasa, katika nchi ambayo sasa ni wilaya ya Kyela, mpunga ulistawi.

Msafiri Joseph Thomson alipopita nchi hii mwaka 1879 alisifu sana usafi wa vijiji na uzuri wa migomba. Hakuona msitu mtupu, bali aliona nchi iliyotunzwa kwa mikono ya watu.

Kazi ya jembe ilikuwa ya wanaume. Baba na wanawe walilima, na wanawake walipanda, wakapalilia na kuvuna. Majembe ya chuma yalitoka kwa wahunzi wa Kikinga, watu wa milima iliyo upande wa mashariki, ambao waliyaleta na kubadilishana kwa chakula. Mkulima alipolima aligeuza nyasi chini, zikafunikwa ndani ya tuta na kuoza. Samadi ya ng'ombe iliwekwa migombani. Hivyo wazee hao, ambao hawakupata kusoma kitabu cha ukulima, walijua neno kubwa la kwanza la kazi hii: kilichotolewa katika udongo sharti kirudishwe.

3. Vijiji vya rika

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wageni wengi walilistaajabia. Katika nchi nyingi watu wa ukoo mmoja hukaa pamoja: babu, baba, wana na wajukuu. Kwa Wanyakyusa haikuwa hivyo. Kijiji kilikuwa cha watu wa rika moja.

Mtoto wa kiume alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake. Alipofika umri wa miaka kumi hivi aliondoka nyumbani mwa wazazi, akaenda kujenga kibanda pamoja na wavulana wenziwe pembeni mwa kijiji. Bado alilima shamba la baba yake na kula chakula cha mama yake. Lakini hakula peke yake: wavulana walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipokua waliongeza vibanda, wakaoa wakiwa pale pale, na kijiji cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima. Kukaa pamoja na wenzi kwa mazungumzo na furaha waliita ukwangala, na mtu aliyekula chakula chake peke yake alidharauliwa.

Bwana Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938 wakijifunza mambo hayo. Bibi Monica Wilson aliyaeleza katika kitabu kilichotolewa mwaka 1951.

Miaka kadhaa baada ya vijana kuoa, ilifanywa sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, maana yake kutoka. Mioto ya zamani ilizimwa, na moto mpya ulipekechwa na kugawanywa. Wana wa mtawala wakatambuliwa mbele ya watu, na wakuu wapya wa vijiji wakachaguliwa. Wazee walisogea kando, na vijana wakapewa ardhi na mamlaka. Basi, msomaji, lifahamu vizuri jambo hili: kijana wa zamani hakungoja baba yake afe ili apate shamba. Alipewa na nchi yote, siku iliyojulikana na wote, pamoja na rika lake lote.

4. Kwa nini baba na mwana walikaa mbali

Sababu moja ilikuwa heshima ya ukwe. Mke wa mwana hakuruhusiwa kumtazama baba mkwe wake, wala kukutana naye njiani. Kama mwana na baba wangalikaa ua mmoja, mke yule angalipata taabu kila saa. Kwa hiyo kukaa mbali kulilinda adabu.

Sababu ya pili ni kwamba jambo hili liliwezekana. Mahindi, maharage na ulezi ni mazao ya muda mfupi. Ukivuna, shamba li tupu, na kesho laweza kupewa mwingine bila hasara. Hata mgomba huzaa mapema, na machipukizi yake huchukuliwa na kupandwa mahali pengine. Mali kubwa ya mtu ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe ana miguu, humfuata bwana wake. Mzee alipofariki, ng'ombe walirithiwa kwanza na ndugu zake wa tumbo moja kabla ya kufika kwa wanawe. Watu hawakuona uchungu sana kuiacha ardhi, kwa kuwa mali yao haikuwa imefungwa ardhini.

5. Kodi, dhahabu na kahawa

Mwaka 1891 Wamisionari wa Moravian walianza kituo chao Rungwe. Serikali ya Wadachi iliweka kodi ya nyumba katika nchi yake mwaka 1898, na kodi hiyo iliwalazimisha watu kutafuta fedha. Mwaka 1916 Waingereza waliitwaa Tukuyu, lakini kodi haikuondoka pamoja na Wadachi.

Fedha ilitafutwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kwenda kazini mbali. Dhahabu ilipoonekana Lupa, katika nchi ya Chunya, mwaka 1922, vijana wengi walikwenda kuichimba, hasa katika miaka ya 1930. Baadaye wengine walifika migodi ya shaba ya Zambia ya leo na migodi ya Afrika Kusini.

Njia ya pili ilikuwa kupanda zao la kuuza. Chai ilijaribiwa Kyimbila mwaka 1904, lakini kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya mashamba makubwa ya wageni. Mkulima mwenyeji alishika kahawa. Mbuni, yaani mti wa kahawa, ulipendezwa na udongo wa Rungwe, na ulikaa vema kando ya mgomba ambao ulimpa kivuli na majani ya kutandaza. Katika miaka ya 1920 na 1930 zao hili lilienea nyumba kwa nyumba.

6. Mti uliowafunga watu

Mbuni si kama mahindi. Mkulima huungoja miaka mitatu au minne kabla ya kupata mavuno ya maana, kisha huendelea kuzaa miaka mingi sana. Aupandaye ametia jasho lake ardhini, naye hawezi kulichukua kama achukuavyo ng'ombe.

Basi ilipofika zamu ya wazee kusogea kando, mwenye mibuni alisema: "Nitaachaje shamba hili? Nimelipanda kwa mikono yangu." Naye mwanawe aliwaza: "Nikienda kukaa na rika langu, mibuni ya baba itachukuliwa na nani?" Hivyo mwana alijenga karibu na baba yake, ingawa desturi ya ukwe ilimsumbua mkewe. Na mzee alipofariki, kaka na wadogo wa marehemu walidai urithi kwa desturi ya zamani, na wana walidai kwa sababu ya kazi waliyoifanya katika mibuni ile. Pande zote mbili zilikuwa na haki ya namna yake. Kwa hiyo ugomvi ulikuwa mkali.

Mtaalamu P. H. Gulliver, aliyechunguza habari za ardhi ya Wanyakyusa katika miaka ya 1950, alionyesha jinsi mazao ya kudumu na uhaba wa ardhi vilivyokuwa vikivunja mpango wa vijiji vya rika. Hakuna mtawala aliyetoa amri ya kuvifuta. Vilidhoofika kidogo kidogo, shamba kwa shamba.

Si Rungwe peke yake. Kule Kilimanjaro kahawa ilipandwa katika kihamba, shamba la migomba ambalo lilikuwa likirithiwa katika ukoo tangu zamani. Kwa hiyo Wachaga hawakulazimika kubadili mahali pa kukaa. Lakini wao nao waliona vihamba vikigawanywa mpaka vikawa vidogo mno. Zao la kudumu huuliza swali moja mahali pote: nani atarithi?

7. Hesabu ya shamba

Tuseme mtu ana ekari 3, zote zimepandwa mibuni kwa nafasi ya futi 9 kwa futi 9. Ekari moja huchukua mibuni kama 537, basi anayo kama 1,600. Ana wana 4. Akiwagawia sawasawa, kila mmoja apata robo tatu ya ekari, yaani mibuni kama 400. Kila mwana naye akizaa wana 4, mjukuu atapata mibuni kama 100 tu, na nyumba yake, migomba yake na ng'ombe wake vyote vyataka mahali. Tena hesabu hii imewasahau mabinti.

Katika maisha ya mtu mmoja, kuanzia utoto hata uzee, shamba limekuwa bustani. Hapana mbolea iwezayo kuiponya hesabu hii peke yake.

8. Mambo yaliyofuata

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na ugawaji wa ardhi ukatoka mikononi mwao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na wakulima wa kahawa wakapata hasara kwa kukosa chama chao cha kuuzia. Chai nayo ilitoka kwenye mashamba makubwa ikaingia kwa wakulima wadogo. Malisho yalipopungua, wengi walianza kumfunga ng'ombe wa maziwa zizini na kumkatia majani. Katika miaka ya karibuni parachichi la kuuza ng'ambo limependwa sana.

Lakini angalia: chai ni zao la kudumu, na mparachichi ni mti wa kudumu. Swali la mbuni limerudi katika umbo jipya. Ampandaye mwanawe mparachichi bila kusema ni wa nani, ampandia na kesi.

9. Mashauri

(a) Gawa ungali hai. Wazee wa ubusoka walikabidhi nchi mbele ya watu wote, wakiwa bado na nguvu ya kushauri. Sherehe ile imepita, lakini akili yake haijapita. Ita jamaa, tembeeni mipakani, pandeni alama, na mashahidi wawepo.

(b) Andika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, yaruhusu halmashauri ya kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na majina ya mume na mke yaweza kuandikwa pamoja.

(c) Usiwasahau mke na binti. Sheria hiyo hiyo yabatilisha desturi inayomnyima mwanamke ardhi. Tena mara nyingi wao ndio waliochuma kahawa na chai hiyo.

(d) Usikate shamba vipande visivyofaa. Ni afadhali jamaa walime shamba moja na kugawana mapato, au mmoja ashike shamba na kuwalipa wenziwe kidogo kidogo, kuliko wote wabaki na vipande visivyolisha mtu.

(e) Rudisha rutuba. Samadi, matandazo ya majani ya migomba, na makinga maji yaliyokatwa kufuata usawa wa mteremko huzidisha mazao ya mahali padogo. Udongo uliochukuliwa na mvua haurithiwi na mtu.

Maswali ya kujipima

1. Kijana wa zamani alipata ardhi kwa njia gani, na siku gani?
2. Kwa nini mbuni ulibadili desturi ambayo mahindi hayakuibadili?
3. Ukiwa na ekari 2 na watoto 5, wa kiume na wa kike, kila mmoja atapata kiasi gani?
4. Je, mpaka wa shamba lako wajulikana na nani, zaidi yako wewe mwenyewe?

Swali la nne lisijibiwe kwa kalamu. Lijibiwe kwa miguu, shambani, pamoja na watoto wako na majirani.